Mafranga ya kamera: tununue lenzi kwanza

Wandugu wachimbaji, wamama wa kartye, vijana munaongoja kazi ku mlango wa kampuni, hii wiki tunaomba nafasi mu ukurasa huu juu ya jambo moja linaloonekana sawa la watu wa ndoa na sherehe. Lakini ni jambo letu. Sendika imechanga mafranga ya kununua kamera, mwezi kwa mwezi, na sasa mafranga yamefika. Kuko mabishano: tununue nini?

Wengi ndani ya komite wanasema tutafute kamera ya nguvu kuliko zote, ile yenye pikseli mingi, na kama kitabakia kitu kidogo, basi tutafunga mbele yake lenzi yoyote. Lenzi ni ile kioo ya mbele, wapiga-foto wa mjini wanaiita objektifu. Sisi delege tunaoandika hapa, pamoja na wale waliotutuma, tunasema hapana. Tugeuze hesabu. Kwanza tujue tunataka kuonyesha nini. Halafu tuchague lenzi. Mwili wa kamera utakuja mwisho, hata ukiwa wa okazio. Kwa nini tunasema hivi, tutaeleza polepole, maana ku mkutano wa mwisho kelele ilikuwa mingi na hakuna mtu aliyemaliza sentensi yake.

Tuanze na ile nyumba. Wanaokaa karibu na kariere wanajua: wakilipua mawe, vikombe vinacheza ku kabati. Mwaka jana muzee mmoja wa kwetu, aliyeacha kazi baada ya kuchimba maisha yake yote, alituita tuone ukuta wa chumba cha watoto. Mupasuko ulianza ku kona ya dirisha ukapanda mpaka chini ya mabati. Tulipiga foto kwa telefone, mingi, toka karibu na toka mbali. Tulipofika mu ofisi, injenieri wa kampuni akafungua foto ku kompyuta yake. Akaivuta kubwa. Akaivuta tena. Mupasuko ukageuka uji. Akatuambia: "Papa delege, hii haiko mupasuko, ni kivuli cha waya." Alisema kwa heshima, hata maji ya kunywa alitupatia. Na sisi tulikuwa na nini ya kumujibu? Hatukuweza hata kusema mupasuko ulikuwa mpana milimita ngapi mu mwezi wa tano, na ngapi mu mwezi wa nane. Muzee angali analala mu nyumba ile. Watoto alikwisha kuwahamishia ku salon.

Ile siku njo wazo la kamera lilizaliwa. Hatukutaka foto ya kupendeza. Tulitaka foto ambayo mtu akiivuta kubwa mara kumi, mupasuko ubaki mupasuko.

Kamera inayotajwa sana mu komite ni Nikon D850. Kampuni ya Nikon ya Japani iliitoa 2017, na leo inapatikana ya okazio. Ni kamera nzuri, hatubishi. Ndani yake kuko sensa, ile kipande kinachopokea mwanga, cha milimita 36 kwa 24, kipimo kile kile cha filimu ya zamani tuliyokuwa tunapeleka ku labo. Watu wa ufundi wanaita hiyo sensa nzima, tofauti na zile kamera ndogo zenye sensa iliyokatwa. Hiyo sensa inagawanya foto vipande 8256 kwa upana na 5504 kwa urefu. Zidisha: inapita milioni 45. Kila kipande ni pikseli moja. Kata milimita moja vipande elfu moja: pikseli moja inachukua vinne na kidogo tu.

Sasa tulete hiyo hesabu ku ukuta wa muzee. Ukisimama mita 3 toka ukuta, na lenzi ya milimita 50, foto inashika upana wa mita 2 na sentimita 16. Gawanya kwa 8256. Kila pikseli inabeba kama robo ya milimita ya ukuta. Mupasuko wa milimita 2 utakuwa na pikseli nane za kuusimamia. Hapo injenieri hawezi kusema ni waya. Ukirudi nyuma mpaka mita 10 na lenzi ile ile, foto inashika mita 7 na sentimita 20, na pikseli moja inabeba karibu milimita 0,9. Mupasuko ule ule unabaki na pikseli mbili, unaonekana kwa taabu. Ukifunga lenzi pana ya milimita 24 ku ile mita 10, unashika mita 15 za ukuta, nyumba nzima na kuku wake, lakini pikseli moja inabeba karibu milimita 1,8. Mupasuko umekwisha. Kamera ni ile ile, bei ile ile. Kilichobadilika ni lenzi na mahali umesimamisha miguu yako.

Na hiyo hesabu ni ya lenzi safi, ile inayoweka pointi moja ya ukuta ndani ya pikseli yake. Lenzi mbaya haifanyi vile. Inachukua ile pointi na kuipaka ku majirani. Kama pointi moja inajaza pikseli mbili kwa upana na mbili kwa urefu, zile milioni 45 ulizolipa zinageuka kama milioni 11. Ulilipa tani, umepelekewa mifuko.

Tulikwisha kuona hii kwa macho yetu. Kijana mmoja anayepiga foto za ndoa alituazima D850 yake kwa siku moja, pamoja na zoom moja ya bei ndogo aliyokuwa nayo nyumbani. Ile ya maana ilikuwa ku kazi. Tulirudi kwa muzee. Katikati ya foto mambo yalikuwa sawa: tuliona chembe za mchanga mu simenti. Lakini mupasuko haukukaa katikati. Ulikuwa ku kona, na ku kona yote ilikuwa imelainika, yenye rangi ya zambarau pembeni ya kila mstari. Ingekuwa kamera ya zamani ya pikseli milioni 10, pengine tusingejua. Sensa kubwa haifichi makosa ya lenzi. Inayatangaza.

Sisi watu wa migodi hatuhitaji kufundishwa hii. Ukipeleka ku izini mawe yenye shaba kidogo, hata ujenge konsantratere kubwa namna gani, shaba haiongezeki njiani. Kinachoingia njo kinatoka, tena kimepungua. Lenzi njo inapeleka mawe. Sensa ni izini.

Hata watengenezaji wanajua. Mu mwaka 2012, Nikon walipotoa D800, yenye pikseli milioni 36,3, waliitolea kitabu kidogo cha ufundi, na ndani wakaandika majina ya lenzi zao wenyewe zinazofaa kwa kamera hiyo kama unataka ukali wote. Kampuni inayouza lenzi nyingi inasema kwa mdomo wake: si zote zitatosha. Wandugu wa komite wafikiri hapo kidogo.

Mwenzetu mmoja alituuliza kwa kicheko: basi munataka tununue kioo cha dhahabu? Hapana. Kweli kuko lenzi za bei ya kutisha. Zeiss walitoa 2013 lenzi moja inaitwa Otus, ya milimita 55, karibu dolari 4000, na tena unaizungusha kwa mkono kutafuta ukali, yenyewe haitafuti. Watu wa ufundi waliisifu sana. Si yetu. Lakini Nikon wenyewe waliweka ku soko mu 2011 lenzi ya milimita 50, f/1,8, ambayo mpya iliuzwa kidogo juu ya dolari 200. Haina zoom. Ukitaka kitu kikaribie, unatembea. Ukiibana mpaka f/5,6 ao f/8, inalisha sensa ya D850 vizuri, mpaka karibu na kona. Bei ndogo si kwa sababu ni mbaya. Ni kwa sababu lenzi ya milimita 50 ni rahisi kutengeneza: watu wanaitengeneza tangu zamani, na vioo ndani yake si vingi. Zoom ya kuanzia 28 mpaka 300 inataka kuwa lenzi kumi ndani ya mfuko mmoja. Lazima pahali fulani idanganye.

Sasa tufike ku swali ambalo komite haikuuliza. Tunataka kupiga foto ya nini?

Tuliandika karatasi, tukakaa chini ya mwembe, kila mtu akasema. Ya kwanza: nyumba zetu, kuta, visima, bustani zenye vumbi. Ya pili: karatasi. Bultini za mshahara, barua za kufukuza mtu, karatasi za dispanseri, kontra ambazo mtu anaonyeshwa dakika moja na kuambiwa weka sahihi. Ya tatu: mwili wa mfanyakazi. Mkono uliobanwa, ngozi iliyochomwa na asidi, kaske iliyopasuka, bote yenye tundu. Ya ine: mikutano yetu na ile posti ya usiku inapotoka. Na ya mwisho, kariere yenyewe, ule mteremko mrefu unaotutia woga, unaoonekana toka barabara.

Angalieni vizuri hiyo orodha. Vitu vine vya kwanza viko karibu nasi, mita moja, tatu, kumi. Viko kwetu, mu nyumba zetu, hatuhitaji ruhusa ya mtu isipokuwa ya mwenye nyumba na ya mwenye kidonda. Kile cha tano peke yake njo kiko mbali. Na wale waliotaka zoom kubwa ya kuvuta mbali walikuwa wanafikiri hicho cha tano tu, sababu kinafanana na sinema. Tuseme wazi pia: kuingia na kamera ndani ya konsesio bila karatasi ni kumupa patron sababu ya kukuondoa ku kazi, na foto yako haitakurudishia kazi. Mtu asitumwe kufanya hivyo na sendika yake.

Kwa hiyo sisi tunapendekeza lenzi mbili.

Ya kwanza, ile ya 50, f/1,8. Ya kuta, ya watu, ya mikutano. Tena ku salle yetu taa ni mbili, na moja inakufa-kufa. Lenzi inayofungua mpaka f/1,8 inaingiza mwanga karibu mara kumi kuliko zoom inayoishia f/5,6. Hiyo ni tofauti kati ya kuona uso na kuona kivuli cha uso. Lakini mujue, ukifungua yote, ukali unakuwa mwembamba sana: jicho litakuwa kali, sikio limelala. Kwa foto ya watu kumi waliosimama safu mbili, bana kidogo, na utafute mwanga wa nje.

Na kuko sababu ingine ya kupenda 50 ku kuta. Lenzi pana inavuta vitu vya pembeni, inarefusha kona, inainamisha kuta kama uliinua kamera juu. Siku utapeleka foto kama ile kwa avoka, wa upande mwingine atasema: ni lenzi imepinda, si ukuta. Atakuwa na haki nusu. Ya 50 haivuti namna ile. Tena weka mita ya kukunja ndani ya foto, pembeni ya mupasuko, ku ukuta wenyewe, si mbele yake. Bila mita, hesabu yote tuliyofanya hapo juu ni maneno tu.

Ya pili ni lenzi ya makro, ya milimita 90 ao 100. Makro ni lenzi inayokubali kusogea karibu kabisa na bado kuona kali. Zile zinazofika moja kwa moja, kitu cha milimita 36 kinajaza foto nzima. Tamron wanatengeneza makro ya 90 tangu 1979, na zile za miaka ya karibuni zinapatikana za okazio. Kuko wenzetu walicheka: makro ni ya kupiga foto za vidudu na maua! Tuliwaonyesha bultini moja ya mshahara iliyokunjwa mu mfuko wa kazi miezi sita, wino umefifia. Kwa telefone hakuna aliyesoma. Kwa makro tuliyojaribu, mama mmoja asiyekuwa na miwani yake alisoma ku kompyuta namba ya saa za ziada, akasema, "Kumbe walimukata tena mu mwezi wa pili!" Hayo maua tunayapenda.

Makro inafaa pia kwa vidonda, sababu huhitaji kumukaribia mgonjwa sana. Na lenzi ya 90 inapiga sura ya mtu vizuri, haikuzi pua. Lakini kidonda cha mtu si mali ya sendika. Aulizwe, akubali, na uso usionekane kama hataki.

Sasa kuko pingamizi moja ya nguvu, na aliyeileta ni fundi wa mashini, mtu hasemi ovyo. Alisema: "Wandugu, munasahau vumbi. Lenzi mbili ni kufungua kamera kila saa, na vumbi ya huku itaingia ku sensa. Zoom moja haifunguliwe." Hapo anasema kweli. Ku kiangazi, vumbi yetu inapita hata chini ya mlango uliofungwa, na chembe moja ku sensa inaacha doa ku kila foto, zaidi unapobana lenzi. Tena haki nyingine: kuko zoom nzuri kweli, zile za 24 mpaka 70, f/2,8, na mu 2012 Tamron walitoa moja yenye kutuliza mtetemo wa mkono. Kama mafranga yetu yangekuwa mara mbili, tungefikiri.

Jibu letu ni hili. Lenzi haibadilishwi njiani. Siku ya kuta unatoka na 50 imekwisha kufungwa nyumbani, na inarudi nyumbani imefungwa. Siku ya karatasi unafunga makro, mu chumba, madirisha yamefungwa, kamera imezimwa na mdomo wake umeangalia chini. Hakuna siku moja tutakimbia kati ya hizo mbili. Ile zoom nzuri ni nzito na bei yake inakula lenzi zetu mbili pamoja na trepie. Fundi alitingisha kichwa, hakusema ndiyo, hakusema hapana.

Trepie! Hapo tunataka kukaa kidogo, sababu komite haikuiweka hata ku karatasi ya bei. Ni ile miguu mitatu ya kusimamisha kamera. Kanuni ya wazee wa filimu ilikuwa: lenzi ya 50, usipige polepole kuliko sehemu ya 50 ya sekunde. Kwa sensa yenye pikseli ndogo hivi, hiyo kanuni haitoshi. Mkono wa mtu aliyetoka posti ya usiku unatetemeka, na pikseli inaona. Piga ku sehemu ya 100 ao 125, na kwa makro kimbia zaidi, ao weka trepie na usiguse: tumia ile saa ya kungoja sekunde kumi. Lenzi ya dolari 4000 mikononi mwa mtu anayetetemeka ni sawa na zoom ya sokoni.

Kosa lingine tulilifanya sisi wenyewe. Mtu alitufundisha zamani kwamba ukibana lenzi sana, f/16, f/22, kila kitu kinakuwa kikali, karibu na mbali. Tukabana. Foto zote zikatoka laini, tukalaumu lenzi ya watu. Kumbe mwanga wenyewe, ukipita mu tundu dogo, unasambaa. Ku f/8 pointi moja inakuwa kama sehemu 11 za elfu ya milimita, ni pikseli mbili na nusu. Ku f/22 inakuwa karibu 30, pikseli saba kwa upana. Hakuna lenzi duniani, hata ya Zeiss, inayoponyoka hapo. Kati ya f/5,6 na f/8 njo mahali petu.

Na ule mteremko wa mbali? Tuazime lenzi ndefu siku moja, tusinunue. Lenzi ya 200 toka mita 100 inashika mita 18 za mteremko, pikseli moja milimita 2 na kidogo, inatosha kuona mfereji wa maji umeanza kukata udongo. Lakini twende asubuhi mapema. Saa sita, zaidi mu mwezi wa kumi mbele ya mvua, hewa juu ya mawe ya moto inacheza sawa maji, na hapo pikseli milioni 45 zinapiga foto ya hewa. Na foto irudiwe kila mwezi toka mahali pale pale, miguu ya trepie ku alama ile ile. Foto moja ya mteremko haisemi kitu. Sita zinasema.

Tuongee sasa juu ya kununua, maana huko njo watu wanaibiwa. Mtego wa kwanza: lenzi za sensa iliyokatwa. Nikon wanaziandika DX. Zinaingia ku D850 bila shida, muuzaji atakuonyesha inafanya kazi, klik, klik. Lakini kamera inatumia kipande cha katikati tu, na milioni 45 zinageuka zaidi kidogo ya milioni 19. Kama umeona herufi DX ku lenzi, rudisha. Mtego wa pili: lenzi iliyoanguka. Nje inapendeza, ndani vioo vimehama kidogo, upande mmoja unaona na mwingine umelala.

Kuijua si vigumu. Chukua gazeti hili, kurasa tano. Bandika moja katikati ya ukuta na ine ku kona, kwa kipimo cha foto yako. Kamera ku trepie, imeangalia ukuta sawasawa, haikuinama. Piga ku f/5,6. Halafu vuta kubwa na usome. Kona zikififia kidogo zote sawa, hiyo ni tabia ya lenzi, vumilia. Kama kona za kushoto unasoma mpaka matangazo ya vifo, na za kulia ni uji, lenzi imepinda: mrudishie mwenyewe, hata akikupunguzia bei. Mwisho, washa tochi nyuma ya lenzi na uangalie ndani. Ukiona nyuzi nyembamba sawa mizizi, ni ukungu wa masika, unakula kioo. Na sisi wenyewe, mvua ikianza, tusiiache kamera mu mfuko wa ngozi. Ikae mu sanduku la kufunga vizuri, na vile vifuko vidogo vya kukausha vinavyokuja ndani ya makarto ya viatu.

Kuko waliotuambia sendika haina kazi na haya, kazi yake ni mishahara. Tunawakumbusha kitu. Wengi mumeona kazi za Sammy Baloji, mtoto wa Lubumbashi, aliyechukua foto za zamani za wafanyakazi toka zile arshivu za Union Minière na kuziweka juu ya foto za leo za maizini yaliyokufa. Wababu wetu wamesimama mule, wamepangwa safu, wengine na namba. Nani alishika kamera ile siku? Si wao. Aliyechagua kusimama wapi, kuonyesha nini na kuacha nini nje, alikuwa upande mwingine wa lenzi. Mpaka leo kampuni inapiga foto zake za kila mwezi, kwa vyombo vizuri, na kila mara ku meza foto zao njo zinasomeka na zetu ni uji.

Kwa hiyo ku mkutano ujao tutaweka ku meza karatasi hii: 50 moja, makro moja, trepie ya chuma isiyocheza, karte mbili za kumbukumbu, na kinachobaki kiende ku mwili wa kamera. Kama hakitoshi kwa D850, basi D800 ya okazio. Milioni 36 zenye lenzi safi zinatupita milioni 45 zenye uji. Foto za asili zisifutwe ku karte mpaka zimekopiwa mahali pawili, na moja isikae kwa delege anayeweza kufukuzwa kazi kesho.

Tena ombi moja kwa wazee. Mdomo wa kamera za Nikon wa aina hiyo ulianza 1959, na lenzi nyingi za zamani bado zinaingia. Kama uliacha lenzi mu kabati tangu siku za filimu, ilete tuipime ku ukuta wa salle. Lakini zile za mbele ya 1977 mutuachie sisi tuziangalie kwanza, musizifunge kwa nguvu ku kamera ya yule kijana wa ndoa: nyingine zinavunja kidude kidogo pembeni ya mdomo, na kamera bado ni yake. Tuko pale jumapili, watu wakitoka ku misa. Kurasa za gazeti tutakuwa tumekwisha kuzibandika.